Barza ya Santuri: Namna ya Kuanzisha Kikao cha Wapenzi wa Jazi Mombasa

Ami yangu alikuwa baharia. Aliacha sanduku la mbao lenye santuri 32, na kwa miaka 11 sanduku hilo lilikaa juu ya kabati huko Bondeni, halikuguswa ila na kuvu. Siku nilipoliteremsha, mashine ya kuchezea niliipata kwa jirani. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia ami aliinunua bandari gani ile santuri ya Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi wa Marekani, aliisikiliza na nani, na kwa nini aliandika kwa penseli kwenye jalada maneno "usiku wa mvua". Waliojua walikuwa wametangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu mambo mawili yanayokwenda pamoja: kucheza santuri za jazi kwa namna isiyoziharibu, na kuwaweka mbele yake watu wenye kumbukumbu wakati bado wapo. Nimeendesha kikao cha namna hii kwa miaka kadhaa. Nitaeleza kama tunavyofanya, pamoja na yale tuliyojifunza kwa hasara.

Hatua ya 1: Anza na watu

Watu 6 hadi 10 wanatosha. Wakizidi, wawili watanong'ona nyuma na kikao kitakuwa harusi. Katika hao, tafuta angalau wazee wawili waliopiga muziki au waliocheza dansi enzi zao, mtu mmoja anayejua mambo ya stima na spika, na kijana mmoja mwenye mwandiko unaosomeka.

Mzee haalikwi kwa ujumbe wa simu. Nenda kwake, kaa barazani, salimu, kunywa alichokukaribisha, kisha useme: "Mzee, tuna santuri za zamani, tungependa uje utusomeshe." Neno "utusomeshe" lina uzito, na lina ukweli.

Jambo moja litakukabili mapema. Ukisema "jazi", wewe unawazia Miles Davis, mpiga tarumbeta wa Marekani. Mzee wa Makupa anawazia Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za Tanga, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, au OK Jazz ya Franco iliyoanza mwaka 1956. Kwake jazi ni dansi: magitaa, saksafoni, na sakafu iliyojaa watu. Tafadhali usimsahihishe. Bendi hizo zilijiita jina hilo kwa kujua, na historia yake hapa ni nzito. Mbaraka mwenyewe alifia Mombasa kwa ajali ya barabarani, Januari 1979. Sisi tuliamua kila kikao cha nne kiwe cha dansi, na vikao hivyo ndivyo vilivyotupa masimulizi mengi kuliko vingine vyote.

Akina mama pia waalikwe, tena kwa dhati. Bi mmoja wa Kuze alitupa habari za redio na nyimbo zilizokuwa zikisikika madirishani ambazo hakuna mwanamume kati yetu aliyekuwa nazo, kwa kuwa yeye alikuwa ndani akisikiliza siku nzima.

Hatua ya 2: Mashine

Mashine nyingi zinazopatikana kwetu ni za mitumba. Kabla ya kutoa pesa, igeuze usome kibandiko cha nyuma. Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50 (hezi ni mipigo ya stima kwa sekunde). Mashine ya Marekani imeandikwa volti 120, hezi 60. Ya Japani ni volti 100. Wengi hununua trasfoma wakadhani wamemaliza. Trasfoma inabadilisha volti tu, hezi inaziacha zilivyo, na mashine nyingi za zamani ambazo mota huzungusha sahani kwa mkanda wa mpira zina mota inayofuata hezi. Ya Marekani ikichomekwa Mombasa huzunguka polepole: badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika inafanya 27.8 hivi. Muziki unalegea na bibi anayeimba anakuwa na sauti ya kiume.

Kipimo ni rahisi. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani inayobeba santuri, washa saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika 3. Ukipata 100, mashine iko sawa. Ukipata 83, umeuziwa mashine ya hezi 60. Iache, labda uwe na fundi anayeweza kukubadilishia puli. Zile ambazo mota inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, kama Technics SL-1200 iliyotoka 1972, hazitegemei hezi, na hapo trasfoma inatosha.

Vile vijimashine vya sanduku, vyenye spika ndani, siviruhusu katika kikao. Vingi hukandamiza santuri kwa uzito wa gramu 5 hivi, ilhali mashine ya kawaida inataka gramu 1.5 hadi 2.5. Mtu amekuamini na santuri aliyoitunza miaka 50; huwezi kumwekea patasi juu yake.

Uzito wa sindano unaurekebisha mwenyewe. Ondoa kifuniko cha sindano, weka kizuizi cha pembeni (kinachozuia mkono wa sindano usivutwe ndani) kwenye sifuri, kisha zungusha ule uzito wa nyuma ya mkono huo mpaka mkono uelee wenyewe, usipande wala usishuke, kama mizani iliyotulia. Hapo shika uzito usisogee, zungusha pete yenye namba peke yake hadi sifuri. Sasa zungusha vyote viwili pamoja mpaka kiasi kilichoandikwa na watengenezaji wa katriji yako, yaani kile kichwa kinachoshika sindano, na kizuizi cha pembeni ukiweke namba hiyo hiyo. Usipunguze uzito ukidhani unaionea huruma santuri: sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuukwaruza zaidi. Sindano ya almasi huhesabiwa kati ya saa 500 na 1000 za kazi. Kama huna hakika imefanya kazi kiasi gani, nunua mpya kabla ya kikao cha kwanza.

Waya za mashine zichomeke kwenye amplifaya palipoandikwa PHONO. Ukichomeka kwingine sauti itatoka nyembamba, haina besi. Amplifaya isiyo na tundu hilo inahitaji kikuza sauti kidogo cha kuweka katikati. Ukisikia mngurumo usiokwisha, tazama ule waya mwembamba wa ethi. Mara nyingi umesahaulika tu.

Na ukiletewa santuri nzito zinazovunjika kama kigae, simama kwanza. Hizo ni za shelaki, mizunguko 78, za zama za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Mifereji yake ni mipana na inataka sindano yake maalumu. Usizicheze kwa sindano ya kawaida kwa ajili ya kufurahisha watu.

Hatua ya 3: Chumba

Kama una ndugu mwenye nyumba ya zamani Mji wa Kale, umepata chumba kizuri kuliko ukumbi wowote wa kukodi. Vyumba vile ni virefu na vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia kelele za pikipiki. Weka spika kwenye ukuta mfupi zielekee urefu wa chumba, kila moja ikae mbali kidogo na pembe, la sivyo besi inafura. Tandika mikeka na magodoro, tundika leso mbili tatu ukuta wa mkabala, mwangwi unakufa.

Tahadhari ni ya ghorofani. Sakafu ya boriti hutikisika mtu akipita, na sindano huruka. Weka mashine kwenye kidaka kipana ukutani, au juu ya bamba zito la jiwe, kamwe isiwe kwenye meza moja na spika.

Kahawa tungu na halwa vikae upande wa pili wa chumba pamoja na maji ya kunawa. Mikono yenye halwa haishiki santuri, hata iwe ya mwenye nyumba.

Hatua ya 4: Kununua, kuosha, kuhifadhi

Santuri za jazi ya Marekani hapa Mombasa zinapatikana zaidi majumbani kuliko sokoni: mzee amefariki, watoto wanahamisha vitu, kasha linatolewa nje. Waambie mafundi wa redio na wauza vitu vikuukuu wa Kongowea wakuite kabla hawajazitupa. Ukisafiri Nairobi, pita Kenyatta Market.

Ukiishika, iinamishe kwenye mwanga. Mikwaruzo inayoonekana tu huenda isisikike; ule unaouhisi kwa ukucha utausikia. Ilaze usawa wa jicho uone kama imepinda. Kisha soma maandishi madogo yaliyochongwa kwenye eneo tupu karibu na kibandiko cha kati. Kwenye santuri za Blue Note, kampuni iliyoanza 1939, ukikuta RVG au VAN GELDER, ni alama ya Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi sehemu kubwa ya jazi ya miaka ya 1950 na 1960. Santuri ya namna hiyo usiinunue kwa haraka wala usiiuze kwa haraka. Na usizipite zile ndogo za mizunguko 45, hasa zenye lebo ya Mzuri, iliyotolewa hapa hapa Mombasa. Hazina jazi ndani, ila zina mji wetu.

Kuosha. Maji ya bomba na visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya mfereji ni mchanga. Nunua maji safi ya betri kwenye kituo cha petroli, yale yaliyotolewa chumvi na madini, na usome chupa mara mbili kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Tia tone mbili za sabuni ya vyombo kwenye lita moja, lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, funika kibandiko cha kati kwa kiganja, na upanguse kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikate kati. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni. Simamisha ikauke kivulini. Kuvu sugu huondoka kwa spiriti kidogo iliyochanganywa na maji, lakini spiriti isiguse kabisa zile za shelaki, inaziyeyusha.

Adui wetu mkubwa ni hewa. Unyevu wa pwani hulisha kuvu, na kuvu huanzia kwenye karatasi. Toa zile bahasha za ndani za karatasi zilizogeuka rangi, weka mpya za plastiki laini, na ya zamani ihifadhi nyuma ya jalada kama ina maandishi. Simamisha santuri wima kama vitabu, zisibanane wala zisilale. Kabati lisiegemee ukuta wa nje. Liache nafasi ya kiganja hewa ipite. Kila mwezi fungua majalada machache uyanuse. Pua hujua kabla ya jicho.

Joto nalo. Nilipoteza santuri mbili kwenye foleni ya feri ya Likoni, Februari, nimeziacha kwenye kiti cha nyuma cha gari lililofungwa vioo huku nikinunua maji. Dakika zile zilitosha kuzipinda kama sahani ya mchuzi. Tangu hapo nabeba kwenye kikapu cha ukindu, zimefungwa leso, na kikapu hakitoki mkononi.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Sisi hukutana Jumapili baada ya Alasiri. Santuri moja kubwa ina dakika 20 hivi kila upande, kwa hiyo pande tatu au nne zinajaza muda mpaka Magharibi. Adhana ikianza, sindano inanyanyuliwa, hata ikiwa katikati ya wimbo. Panga saa zako hili litokee mara chache.

Kanuni yetu kuu ni moja: upande mzima kwa kimya, kisha maneno. Mleta santuri anaeleza kwa dakika mbili ameipataje, anaiweka, na hakuna anayezungumza mpaka sindano ifike mwisho. Vijana huona tabu mara ya kwanza, mara ya tatu wanaidai. Sababu yake utaiona mwenyewe: kumbukumbu huchelewa. Mzee mmoja aliyepiga dramu kwenye bendi ya hoteli alikaa dakika 18 amefumba macho, na wimbo ulipokwisha alisema, "Hapo mwisho ndipo sisi tulipokuwa tukikosea kila usiku." Akaongea nusu saa. Tungemkatiza kwa maswali mapema, tusingepata kitu.

Stima ikikatika, nyanyua mkono wa sindano kwanza kabla ya jambo jingine, kisha chomoa mashine mpaka stima irudi itulie.

Kwa kikao cha kwanza, chagua santuri zenye mlango wa kuingilia kwa watu wa pwani. Mimi huanza na Jazz Sahara ya Ahmed Abdul-Malik, ya 1958. Huyu alikuwa mpiga besi wa Monk, na kwenye santuri hiyo anapiga udi, mwenzake akipiga kanuni, ile ala ya nyuzi, huku saksafoni ya Johnny Griffin ikipita katikati. Waliolelewa na taarabu hukaa wima papo hapo. Mpiga udi wetu mmoja aliomba upande ule urudiwe, jambo ambalo kanuni hairuhusu, nasi tukaurudia.

Ya pili ni Uhuru Afrika ya Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960. Mwanzoni kuna shairi la Langston Hughes, na anayelisoma kwa Kiswahili ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Sehemu zake zina majina kama Uhuru Kwanza na Kucheza Blues. Kumbuka mwaka: Kenya ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Cheza hiyo mbele ya mtu aliyekuwa kijana mwaka 1960, halafu kaa kimya.

Tatu, Mwandishi ya Herbie Hancock, 1971, ambapo wapigaji walitumia majina ya Kiswahili: Hancock Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga, Bennie Maupin Mwile, Julian Priester Pepo Mtoto. Ni ngumu kwa masikio mageni, basi iweke mwisho, watu wakishazoeana.

Kind of Blue ya Miles Davis, ya 1959, kila mtu ataileta. Ijue siri yake: upande wa kwanza ulirekodiwa kwa mtambo uliokuwa ukienda polepole kidogo, kwa hiyo kwenye santuri za zamani sauti imepanda kuliko inavyostahili, na kosa lilisahihishwa katika matoleo ya kuanzia 1992. Mpiga kinanda wenu akisema mashine inakimbia, rudia kipimo cha mizunguko 100 kabla ya kumlaumu fundi.

Hatua ya 6: Kuvuna kumbukumbu

Omba ruhusa ya kurekodi kabla ya mtu kuanza kusema, na umweleze nani atasikia. Zima feni, kwa maana simu husikia feni kuliko mtu. Simu ikae umbali wa shubiri mbili kutoka mdomoni, juu ya leso iliyokunjwa.

Usiulize "ilikuwaje?" Utajibiwa "ilikuwa nzuri sana", na mlango umefungwa. Uliza vitu vinavyoshikika. Ulivaa nini usiku ule? Kiingilio kilikuwa pesa ngapi? Mpiga tarumbeta alisimama kulia au kushoto? Nani alikukataza kwenda? Mlirudi vipi Kisauni saa nane za usiku? Mtu akikumbuka viatu, jukwaa lote linakuja nyuma yake. Mzee wetu wa dramu hakukumbuka mwaka, lakini alikumbuka alikopa koti la kaka yake, na kaka alioa akiwa amevaa koti hilo hilo mwezi uliofuata. Cheti cha ndoa kikatupa mwaka.

Namna hiyo ndiyo ya kuhakikisha tarehe bila kumvunjia mtu heshima. Tafuta jambo la pembeni lenye tarehe yake: ndoa, mtoto, masika makubwa, mwaka wa uhuru. Ziara ya Louis Armstrong barani Afrika, kwa mfano, ilikuwa mwishoni mwa 1960, na Kenya ilikuwemo. Anayesema alimwona akiwa na miaka 10, piga hesabu ya umri wake kimoyomoyo. Hesabu ikikataa, usimkatize. Huenda alimwona mwingine, au alisimuliwa na babake mpaka ikawa yake. Kwenye daftari tunatumia safu mbili: "alivyosimulia" na "tulivyohakikisha". Ya kwanza haifutwi kamwe, hata ya pili ikiipinga.

Andika pia santuri gani ilikuwa ikichezwa masimulizi yalipoanza, na upande upi. Ukitaka mzee aendelee alipoachia mwezi jana, chezea upande ule ule.

Rekodi za sauti ziwe na nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Simu huanguka baharini.

Hatua ya 7: Kuazimana

Piga picha santuri na jalada pande zote mbele ya mwazimaji, andikeni hali yake, wote mtie sahihi. Muda ni wiki mbili. Isiyopatikana tena haiazimwi. Atakayetaka kuisikia aje nyumbani, au umnakilishie kwa kompyuta. Na mkitaka kuhamia mkahawani au hotelini, jueni kucheza muziki hadharani kunahitaji leseni; shughulikieni hilo mapema na mwenye mahali.

Mwazimaji anarudisha santuri ikiwa na kikaratasi ndani ya jalada: aliisikiliza lini, na nani, ikamkumbusha nini. Ile ya Monk ya ami ina vikaratasi vinne sasa, kimoja cha baharia mwenzake aliyepatikana Mtongwe. Kikaratasi kiwe kidogo, kisiguse santuri yenyewe, na kiandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huenea kwa unyevu wetu na baada ya masika matatu hausomeki. Ami aliandika kwa penseli.